Kisiwa Kilichoitwa Gitare

Niliingia Goma nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharagwe. Njia kati ya Butembo na Rutshuru ilikuwa imefungwa na mapigano, kwa hiyo kamio yetu, lori la mizigo, ilizunguka: tukavuka mpaka pale Kasindi, tukapita upande wa Uganda, tukarudi Kongo kwa mlango wa Bunagana, ambako tulilala tukingoja mhuri mmoja wa forodha. Mvua ilitunyeshea, jua likatukausha, mvua ikatunyeshea tena. Tulipoteremka Kanyaruchinya, hema za waliokimbia vita zikiwa kushoto na kulia, dereva alinigeukia.

"Kasereka, wewe unakuja wakati wenzako wanatafuta pa kutokea."

Nilicheka. Nilikuwa nimekwisha kuishi Beni, Kasindi na Kisangani, na kila mji nilikaa mpaka nilipoanza kuukumbuka ule wa nyuma, kisha nikafunga mfuko. Sikuwa na mke wa kunizuia. Goma nayo niliihesabu kuwa kituo.

Nilipata chumba Kyeshero, karibu na ziwa, katika parseli, yaani kiwanja, ya Muzee Bahati. Ilikuwa nyumba ya mbao kama nyingi za mji ule, vyumba vimepangwa kwa mstari, na mbao zenyewe nyembamba hata jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Jiko tu, lililokuwa peke yake nyuma ya nyumba, ndilo lilijengwa kwa mawe meusi ya volkano. Chumba cha kwanza alikaa Muzee na mke wake, Mama Zawadi, ambaye watoto walimwita Koko, yaani bibi. Cha mwisho alikaa Masika, muuza sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwa, na watoto wake. Cha katikati kilikuwa changu.

Muzee alikuwa mfugaji huko Masisi mpaka siku ng'ombe zake zote zilipochukuliwa na watu wenye bunduki. Goma alichonga chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba viazi na makaa kuteremka mjini. Jioni, akiwa anapiga randa, alitusimulia habari za visiwa vyake.

Palikuwa, alisema, na dola kubwa ya baharini. Meli zake zilijaa maji yote, na mfalme wake alikuwa na kiti cha shaba. Dola ile ikaanguka. Kila kisiwa kikanyang'anya kipande na kujiita nchi. Gaju ikabaki na mizani, ikawa inawapimia wengine kwa hila. Bihogo ikabaki na mafundi wa meli lakini haina miti. Sine ikabaki na kitabu cha sheria bila hakimu. Na Gitare, kisiwa cha mawe meupe, haikunyang'anya kitu. Ilibaki na moto wa bandarini tu, ikaendelea kuuwasha kila jioni, kwa meli ya kila nchi.

"Hayo ni majina ya ng'ombe zake," Mama Zawadi aliniambia siku ya kwanza. "Gitare ndiyo mimi, anasema. Miaka yote hii ya ndoa, amenipa jina la ng'ombe."

"Ng'ombe mweupe, mwenye maziwa kuliko wote," Muzee alisema bila kuinua macho. "Shukuru."

Masika naye hakumwacha. "Muzee, na bahari uliiona wapi?"

"Na weye mbingu uliiona wapi? Si kila Siku ya Mungu unaenda misa?"

Nilimuuliza mimi ningekuwa kisiwa gani. Alinitazama, akatazama mfuko wangu uliokuwa bado umefungwa.

"Wewe si kisiwa. Wewe ni meli."

Jambo moja alipenda kulirudia. "Dola ikianguka haifanyi kelele. Kelele ni ya wale wanaogombania kiti. Ukisikia kimya, ujue imeanguka." Hilo hakulitoa baharini. Wazee wa Goma waliwahi kuuona mji wao ukibadilisha mabwana, na waliujua mpangilio: kwanza mizinga, kisha askari wanaokimbia wakivua sare, kisha kimya. Kimya kikija, wageni wameingia, na mtu anaweza kutoka kutafuta maji. Tulikuwa mafundi wa kutekwa.

Vita vilipotushukia, vilitoka upande wa Sake na upande wa volkano kwa pamoja. Wale wa hema za Kanyaruchinya walikuwa wa kwanza kuingia mjini, wamebeba magodoro kichwani. Kisha umeme ukakatika, na bomba likakauka. Asubuhi moja risasi zikaanza kupita katika mtaa wetu.

Mbao hazizuii risasi. Mama Zawadi aliwachukua watoto wa Masika, akawaingiza katika jiko la mawe. Palikuwa padogo, watu wazima wengine hatukutosha. Sisi tulilala chini, kila mtu chumbani kwake, uso sakafuni.

Ndipo Muzee alipoanza kuita. Katika visiwa vyake, ukungu ukifunga bahari, bandari huitana ili zijue nani bado yupo. Kila milio ilipotulia kidogo, tulisikia sauti yake kupitia mbao.

"Bihogo!"

"Iko!" Masika alijibu.

"Meli!"

"Iko!"

"Gitare!"

Na kutoka jikoni: "Iko, na watoto wako hapa!"

Mara moja Mama Zawadi alijibu kwa mlio wa ng'ombe, na watoto wakacheka. Nililala pale, mavumbi mdomoni, nikacheka nao.

Ilikuwa hivyo siku ile yote na siku iliyofuata. Maji yaliisha. Tuliwasikia watoto, kwanza wakilia, halafu wakiomba tu, kwa sauti ndogo.

Kisha kukawa kimya.

Hatukusikia mzinga wala bunduki. Jogoo aliwika upande wa barabara.

"Papa," Mama Zawadi aliita kutoka jikoni, "imeanguka?"

Muzee alitega sikio. Nilimsikia akipumua upande wa pili wa mbao.

"Imeanguka," alisema.

Nilisikia bidon, dumu la maji, ikigonga jiwe.

"Mama, ngojea kwanza!" Masika alilia.

"Batoto banywe nini, maneno?"

Nilichungulia penye ufa. Mama Zawadi alijifunga kitenge vizuri, akashika bidon ya njano, akateremka njia ya ziwani kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni. Sikumwita arudi. Mimi pia niliamini kimya kile.

Milio ilianza tena, karibu.

Haikuwa mingi.

"Bihogo!"

"Iko."

"Meli!"

"Iko."

"Gitare!"

Mtoto mmoja alijibu kutoka jikoni: "Koko ameenda maji."

"Gitare!"

Nilitaka kuinuka. Risasi zilikuwa zinapita juu ya bati. Muzee aliita mpaka sauti ikamwisha, kisha akaendelea kwa mnong'ono, nami nilimsikia kwa sababu mbao zilikuwa nyembamba.

Wageni waliingia kweli, jioni ile. Tulipoweza kutoka, mimi na Masika tulimkuta Mama Zawadi penye kona ya njia. Alikuwa anarudi. Bidon ilisimama wima kando yake, imejaa, kifuniko kimefungwa. Nani alimpiga risasi, hatukujua, na hapakuwa na wa kumwuliza. Tulimleta juu ya chukudu ambayo Muzee alikuwa hajaipaka mafuta.

Maji yale watoto waliyanywa. Hatukuwa na mengine.

Tulimzika upesi, pamoja na wengine wengi. Muzee aliniuliza swali moja tu, tukiwa njiani kurudi.

"Nilisema imeanguka, si ndiyo?"

"Sote tulijua hivyo, Muzee."

Visiwa hakuvisimulia tena. Lakini kila jioni alisimama mlangoni na kuita jina lile moja, bila kupaza sauti. Akangoja kidogo, akaingia ndani. Nilikaa pale miezi mingi kuliko nilivyokusudia, nikifikiri ataacha.

Boti za Bukavu ziliporudi majini, nilifunga mfuko wangu. Nilimwomba twende wote. Nilimwambia huko pia kuna miti ya chukudu.

"Kisiwa hakihami," alisema. "Na akiitika mimi nikiwa Bukavu, nani atamsikia?" Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Enda. Meli ikikaa sana inaoza."

Hakuja bandarini. Boti ilipita mbele ya Kyeshero, karibu na ufuko hata nikaiona njia ile inayoteremka ziwani. Wanawake walikuwa wanachota maji. Niliinuka, nikaita "Gitare!" kwa nguvu zangu zote, juu ya mlio wa mota.

Mama mmoja aliinua kichwa, akatazama boti. Kisha akainama, akaendelea kujaza bidon yake.