Nikolao Hakuwa Mlevi

Kanisani Kitangari, kwa miaka ishirini na miwili, somo la kwanza lilikuwa la Nikolao. Babu yake alibatizwa na wamisionari, na sauti ya kusomea ilirithiwa nyumbani kwao pamoja na mikorosho. Mkewe, Oliva, alimsikiliza kutoka benchi la akinamama, na fahari yake hakuificha vizuri.

Kisha Nikolao akaanza kuanguka. Hakujikwaa popote, alikwenda chali tu, kama gogo. Ulimi ukawa mzito. Kanisani akawa anainua Biblia juu usawa wa paji la uso, na meza ya kuwekea kitabu ipo mbele yake. Ulikuwa msimu wa mabibo, na tangu soko huria lianze vilabu vya uraka, pombe ya mabibo ya mikorosho, vilikuwa kila kona. Anayeyumba msimu huo haulizwi alikotoka. Lisemwalo lipo, watu wakasema.

Oliva naye hakuuliza. Alikwenda mwenyewe kwa Padre Edmund.

"Padre, mume wangu anakunywa kwa siri. Msimruhusu kusoma."

Nikolao akaondolewa kwenye masomo, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Aliapa kwamba hajaonja hata tone.

"Mlevi hakosi kiapo," Oliva akamjibu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mwishowe alianguka akapasuka kisogo, wakampeleka hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Alilazwa wiki mbili. Uraka haukuingia wodini, na bado alianguka. Hapo ndipo Oliva alipoanza kuogopa.

"Mama, yapo magonjwa mawili yanayofanana kama pacha," daktari alimwambia. "Mmoja una dawa ya kuutuliza, mwingine hauna. Kwa macho tu siwezi kuapa. Inatakiwa picha ya ubongo, na mashine hiyo iko Dar es Salaam."

Mtoto wao Cecil alikuwa akifanya kazi huko, akawapokea. Njia nzima Oliva alimwomba Mungu uwe ule ugonjwa wenye dawa.

Hospitalini Dar es Salaam, Dokta Shakila aliinua picha kwenye mwanga. "Hapa, kwenye shina la ubongo, pamesinyaa. Ndiyo maana anaanguka, na macho hayashuki chini. Dawa ile haitamsaidia. Pole sana, Mama."

Oliva alitazama. Palikuwa pamenyauka kama korosho iliyokosa mvua.

"Kwa hiyo kile kitabu alikuwa anakiinua…"

"Ili akione, Mama."

Oliva alilia mpaka nesi akaja. Ugonjwa ulimuuma, lakini ulimi wake mwenyewe ulimuuma zaidi. Mume wake alikuwa akipigania somo lake, na yeye ndiye aliyemnyang'anya.

Waliporudi alimwonyesha Padre ile picha, akaomba ruhusa ya kusema kanisani, na mumewe asome tena. Jumapili akasimama mbele ya watu wote.

"Nilimshtaki mimi. Nyumbani kwangu hapakuwa na mlevi. Palikuwa na mgonjwa."

Wazee wawili walimshika Nikolao mabega asianguke. Oliva akafungua Biblia, akaiinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa macho ya mumewe, akaishikilia hapo. Nikolao alisoma. Mistari minne ilichukua muda wa sura nzima, neno moja likivutwa baada ya jingine. Mikono ya Oliva ikaanza kuchoka.

Nikolao akakatiza somo.

"Mama Cecil," alisema polepole, "pumzika. Utaumia."

"Soma, Baba Cecil," Oliva alisema, na kitabu hakukishusha.