Fremu ya Mwisho wa Korido

Karani wa hospitali ya chuo kikuu ndiye anayechapa wasifu wa madaktari bingwa wa upasuaji na kuutundika ukutani katika fremu, kila mmoja na picha yake. Hatembei bila kitambaa mfukoni; akipita hufuta vioo vya fremu hizo, midomo ikicheza kama anayesoma dua. Mabingwa humjia kwa upole ambao wagonjwa wao hawaujui. "Kaka, niongezee ile semina ya ng'ambo," husema profesa, "ila usitaje kwamba ilikuwa ya siku mbili." Karani huongeza, akibana herufi mpaka picha inabaki kama stempu.

Juzi mama yake mzazi aliandikiwa upasuaji wa nyongo, wakaambiwa wachague daktari. Karani akasimama mbele ya ukuta alioujaza mwenyewe, asijue aanzie wapi. Akamgeukia mfagiaji wa chumba cha upasuaji.

"Dada, wewe unawaona wakiwa kazini. Mama nimkabidhi nani?"

Mfagiaji akaegemea mpini wa ufagio. "Kwani yupi hajawahi kuja kwako kuongeza mstari?"

Karani akaenda hadi mwisho wa korido, kwenye fremu ambayo kitambaa chake hakijawahi kuifikia: mistari miwili na vumbi la miaka sita. Akaifuta picha taratibu, ili akikutana na huyo daktari amtambue.