Wanafunzi Wanne wa Enelesi

Mkono wa kushoto wa Enelesi ulipooza mwezi wa mavuno, na tangu siku hiyo hakufinyanga tena. Majirani walimpa pole, kisha wakaendelea kununua sufuria za mjini kama walivyozoea. Kwa hiyo alishangaa wanawake wanne wa kanisani walipomjia barazani na kumwomba awafundishe. Alishangaa zaidi kuona wa nne ni Filesi.

Walikua pamoja, yeye na Filesi. Enelesi alipoolewa kwenye ukoo wa wafinyanzi, Filesi aliolewa na karani wa ghala la pamba, akavaa viatu vya visigino, na kila walipokutana kisimani alimwuliza, "Hizo kucha, shoga, zitatakata lini?" Sasa karani alikuwa marehemu, watoto wako Afrika Kusini, na Filesi ameketi mkekani anavua pete.

"Umekuja kunicheka?" Enelesi alimwuliza.

"Nyumba yangu imekuwa kimya mno," Filesi alijibu. "Ukinifukuza nitaondoka."

Enelesi hakumfukuza.

Shida ilikuwa namna ya kufundisha. Yeye alifundishwa bila maneno. Mama mkwe wake, Nachisale, alimtilia donge la udongo kiganjani, akachukua lake, akaanza, basi. Enelesi alitazama ile mikono myeusi yenye mishipa na kuiga. Akimaliza bakuli, mzee alilipokea, akaligeuzageuza, akalibonda likawa donge tena. Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja mzee alilitazama bakuli, akalianika kivulini pamoja na ya kwake.  Na siku ile, walipokula nsima, ugali wa kwao, alimsogezea kichwa cha samaki, ambacho siku zote alikila mwenyewe. Miaka arobaini na tano imepita, na Enelesi bado anaikumbuka ladha yake.

Sasa, kwa mkono mmoja, ilimbidi atafute maneno.

"Shikeni donge kama chungwa. Tumbukiza dole gumba katikati, ila usitoboe chini. Sasa finya kidogo, zungusha kidogo. Finya, zungusha."

"Kidogo kiasi gani, mama?" aliuliza Tisaine, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Kama unavyofinya shavu la mtoto usiyetaka alie."

Mabakuli matatu yakaanza kuinuka. La Filesi lilitanuka ukingoni kama jani la boga, likapasuka.

"Mikono yangu ilizoea kalamu," alisema.

"Kalamu uliishika lini? Karani alikuwa mumeo."

Wenzao waliangua kicheko. Filesi alinuna, akajizuia, kisha na yeye akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko.

Enelesi alilichukua lile bakuli, na mkono wake ukajiandaa kulibonda, kama alivyofanyiwa. Akamwona Filesi anautazama mkono huo. Akajisogeza karibu yake. "Weka mkono wako ndani. Wangu utakaa nje." Wakafinya pamoja, wakaziba ufa kwa mate na udongo laini, wakazungusha. Miezi mitano Enelesi hakuwa amegusa udongo. Ulikuwa wa baridi na wenye harufu ya mto, kama zamani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko bakuli lilivyohitaji.

Wiki mbili baadaye walichoma mabakuli uwanjani kwa magome na samadi kavu. Kati ya kumi na mawili, matano yalipasuka. La Filesi lilitoka zima, limepinda upande, lina doa jeusi tumboni. Alilitia togwa palepale, akanywa.

"Linavuja," alisema.

"Pikia uji mzito humo, litaziba. Yote huanza hivyo."

Mvua zilipoanza, wawili waliacha, na Tisaine akahamia kwa mumewe mjini. Filesi aliendelea kuja kila Alhamisi. Yeye alitoa mkono wa ndani, Enelesi wa nje, na kufikia Krismasi walikuwa wamefinyanga chungu cha maji ambacho katekista wa kanisa lao alikuja kukichukua mwenyewe kwa baiskeli. Walipokuwa wakifanya kazi, Filesi aliuliza habari za Nachisale: alitembeaje, alichekeshwa na nini, alimpenda nani. Hakuna aliyewahi kumwuliza Enelesi mambo hayo, wala mwenyewe hakujua kwamba anayakumbuka mengi hivyo.