Asali Juu ya Lango

Wifi yangu Rahila alikuwa karani wa shule ya wasichana huko Sib, karibu na Maskati, mke wa kaka yangu Hamoud, na mtunzi wa hekaya isiyokwisha. Yote matatu aliyafanya kwa bidii, ila la tatu ndilo lililotuchosha. Kila Alhamisi baada ya alasiri sisi wanawake wa mtaani tulikusanyika kwake, na kahawa ikishamiminwa, karatasi zilitoka. Alitusomea mambo ya Malkia Shemsa wa Kausara, nchi isiyokuwepo popote, yenye milima inayohama na ndege wanaosema. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha ofisini na cha sokoni tu. Alizaliwa Tabora, akaletwa Maskati msichana mkubwa, na mtu hawezi kukasirika vizuri kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Malkia Shemsa alikuwa mtu wa hasira sana.

Mwaka 1998 ngome ya malkia ikazingirwa na maadui. Ilizingirwa mwaka mzima. Askari walivaa mavazi ya chuma usiku na mchana, katika joto la Julai, na hakuna aliyetoka jasho. Hawakula. Farasi wao hawakunywa maji. Nilivumilia nikashindwa.

"Wifi," nikamwuliza mbele ya watu, "humo ngomeni mna watu elfu nzima. Choo kiko wapi?"

Wanawake walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye zulia. Rahila alizikunja karatasi zake, na kwa muda hatukusomewa kitu. Nilidhani nimemponyesha.

Kumbe nimemzidishia. Siku moja akaja kwangu, macho yanawaka. "Umesema kweli. Nnaandika watu wasio na matumbo. Ndege akisema, msikilizaji atakubali. Mtu asiyekula hamkubali. Lazima nijue watu wa kale wakiishi vipi, siku hata siku."

Majira yale ya baridi jumuiya moja ya utamaduni ilikuwa imejenga kijiji cha kale kwenye bustani huko Qurum, familia zije zione mababu walivyoishi. Walitaka wanawake wa kuigiza. Rahila akajiandikisha, na mimi nikaandikishwa kwa kuwa nilikuwa na gari.

"Na kuna jambo jengine," aliniambia njiani. "Tabora tukiitwa Waarabu. Hapa Oman tunaitwa Wazinjibari, watu wa Zanzibar. Huko angalau watanivisha nguo za zamani, niwe bibi wa mtu." Alisema akicheka, lakini nilimjua. Hilo ndilo alilolitaka kuliko choo cha ngome.

Mababu wenyewe walikuwa kichekesho. Ngome ilikuwa ya mbao zilizopakwa udongo, na nyuma yake kulikuwa na chumba chenye kiyoyozi cha wageni wa heshima. Ndani ya mtungi mlipangwa chupa za maji ya dukani. Mzee mmoja wa karne zilizopita alilia ghafla kifuani. Ilikuwa simu yake ya mkononi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikijifanya nasuka ukili, nikijicheka. Rahila hakujifanya. Alisaga nafaka kwa jiwe mpaka viganja vikachubuka. Alipika mkate juu ya chuma cha moto, moshi ukamtoa machozi na kope zikaungua.

Alhamisi iliyofuata Malkia Shemsa alishindwa kuinua upanga, kwa sababu alishinda akisaga. Farasi wakapata kiu, na mavi yao yakataka mtu wa kuyazoa. Choo nacho kikapatikana, pamoja na mlinzi wake, chongo mmoja aliyejua siri za ngome nzima kwa kuwa kila mtu lazima apite kwake. Inaniuma kusema, lakini hekaya ilinoga. Wanawake waliozoea kuchelewa wakaanza kuja kabla kahawa haijachemka.

Mkuu wa maigizo pale kijijini alikuwa Yaarub, kijana aliyekulia ndani ya nchi, kwenye mitende na ngome za kweli. Kwa siku ya kufunga alitaka vita: wanaume washambulie lango, na wanawake juu yake wamwage asali kupitia tundu, kama ilivyofanywa zamani. Akatuambia kwa Kiarabu, "Ijumaa kila mmoja aje na asal."

Kwao, ukitaja asal na ngome kwa pumzi moja, ni asali ya tende, ule mchuzi mweusi unaochuruzika tende zikirundikwa ghalani. Huchemshwa, akamwagiwa adui. Kwetu asali ni ya nyuki, mtu haulizi.

Rahila alipagawa kwa furaha. Ile Alhamisi akatusomea sura mpya: Malkia Shemsa anaamuru mizinga yote ya nyuki ivunjwe, asali inamwagwa langoni, na nyuki wanaifuata na kumaliza vita. Alipomaliza wakamwomba arudie.

"Na si uongo," alisema, akinitazama mimi. "Ndivyo walivyofanya watu wa hapa."

Siku ya pili yake alikwenda na asali ya mama yetu, yaani mavyaa wake. Ilikuwa asali ya milimani, ya zawadi, ambayo mama aliilamba kwa ncha ya kidole akikohoa na kuificha chini ya kitanda. Rahila hakuiomba, maana alijua jibu. Akaiweka juani, kifuniko wazi, ipate moto kama ya kale. Wenzake walileta asali ya tende iliyozimuliwa kwa maji, lakini ilikuwa ndani ya vyungu na hakuna aliyechungulia. Bustani ilikuwa imejaa maua, na nyuki wadogo walishaanza kuuliza habari.

Maadui wakaja wakipiga kelele. Mbele alikuwa Amur, dereva wa wizara, mwenye tumbo la mtu asiyewahi kuzingirwa. Rahila akainamisha chungu. Asali yote ya mama ikamshukia Amur kilembani, taratibu, na nyuki nyuma yake. Amur akatupa upanga, akapita katikati ya watazamaji akilia kwa sauti ya kitoto, jeshi lake linamfuata. Watu walisimama kushangilia. Hawajapata kuona watu wakijua kushindwa namna ile.

Yaarub akapanda juu. Hakupiga kelele, na bora angepiga. "Ya nyuki?" alimwambia mbele ya wote. "Hata mtoto wa hapa anajua ni ya tende. Bibi zetu hawakufanya upuuzi huu. Lakini utajuaje wewe? Wewe Zinjibari."

Rahila alishuka na chungu kitupu. Garini alilia mpaka tukafika Sib. Nilikuwa na hasira, kwa kuwa lile "wewe" lilinipata na mimi. Nilikuwa na huzuni zaidi kwa ajili yake.

"Nilitaka bibi wa hapa, wifi," alisema. "Hata kwa kuigiza."

Sura ya nyuki akaichana. Wanawake walimsihi, akasema si kweli, basi haikai. Akaandika asali ya tende, nzito, nyeusi, na malkia akijiuliza watoto watakula nini ikishamwagwa yote. Ilikuwa sura ya huzuni, na mimi ndiyo niliyoipenda. Wenzangu wakanuna. Mama naye alinuna mpaka Ramadhani, kwa sababu zake mwenyewe.

Majira ya baridi yaliyofuata tulikwenda Qurum kama watazamaji, kwa kuwa Hamoud alilazimisha. Vita vikaanza, lango likashambuliwa, na mara vipaza sauti vikatoa mvumo mkubwa. Nyuki wa kitambaa wakashuka kwenye nyuzi, maadui wakakimbia vilevile alivyokimbia Amur, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Watu walikuwa wameulizia nyuki mwaka mzima, wakapewa. Yaarub, kipaza sauti mkononi, akaeleza kwamba hii ndiyo mila ya bibi zetu: asali ya nyuki langoni, na nyuki wenyewe humaliza kazi.

Bibi mmoja mkongwe wa Kiomani, aliyekaa mbele yetu, akamwinamia mjukuu wake. "Kweli kabisa," alimwambia kwa Kiarabu. "Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisimulia."

Nikasimama. Nilikuwa nakwenda kumwambia Yaarub neno ambalo angelikumbuka. Rahila akanivuta buibui.

"Kaa kitako, wifi. Unamwendea nani?" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Wanamzungumza bibi yao. Bibi mwenyewe mie."