Khanga Nne za Mama Mdogo

Juzi wanangu walikuwa wanaangalia shindano la kupunguza mwili kwenye TV. Dada mmoja akapanda kwenye mzani, amepungua kweli, watu wakampigia makofi. Mie nikanyanyuka nikaenda zangu jikoni.

Nilikumbuka alasiri moja kwetu Temeke. Ndani kulinukia udi, na mama mdogo alinambia nimfunge khanga kiunoni, moja juu ya nyingine, mpaka zikafika nne. Juu yake akavaa dera. Nilidhani anasikia baridi.

Wakaja wageni wa upande wa mchumba wake.

"Mashallah, bibi harusi kanenepa!" akasema shangazi mtu.

Mie kwa kujidai nikadakia, "Kavaa khanga nne! Nimemfunga mie!"

Hakuna aliyecheka. Miaka ile ukikonda tu, mtaa mzima unasema una ukimwi, ila sie watoto hatukuambiwa. Wageni waliaga chai ikiwa bado ya moto, na hawakurudi tena.

Mama mdogo hakunipiga. Alinigeuzia mgongo tu, akasema, "Haya, nifungue, mwanangu."

Yupo mpaka leo, mwembamba vilevile, mzima wa afya. Hakuolewa. Kila nikisali namwomba Mungu msamaha. Mama mdogo mwenyewe sijawahi kumwomba.