Ploti Niliyoonyeshwa na Baba

Neno la Kiingereza plot nililijua kwa masikio kabla sijajua linaandikwaje. Gatwekera, mtaa wa Kibera nilikoanzia maisha ya Nairobi, ploti ilikuwa safu ya vyumba vya udongo na mabati, mfereji mmoja, choo kimoja, na mama mmoja mkali aliyeamua nani aanike nguo wapi. Nilipohamia Kawangware nikakuta vijana wakiulizana, "Ploti ya leo ni gani?" wakimaanisha mpango. Kwenye banda la video, mtu akichoka na sinema alisema haina ploti, akatoka. Mjengoni nilikobeba mawe, fundi alikunjua karatasi yenye mistari, akaigonga kwa kidole: "Ploti ndiyo hii."

Shule niliiacha mapema, lakini neno likiniingia kichwani halinipi raha. Nikatembea hadi Laini Saba, kando ya reli, kwa muuza vitabu vikuukuu aliyeniacha nichuchumae na kamusi yake mradi nisikunje kurasa. Ikasema: kipande kidogo cha ardhi. Halafu ramani ya kipande hicho. Halafu mpango, hata njama ya kumpindua mfalme. Halafu mwendo wa hadithi. Kuhusu asili yake, ilisema ni neno la kale sana na hakuna ajuaye lilikotoka. Hapo nikalipenda zaidi.

Kipande kidogo cha ardhi nilikuwa nacho. Baba alinionyesha kabla hajafariki, upande wa kulia wa lango letu. Kwetu, karibu na ziwa, kijana hujenga simba, nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la babake, na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mkubwa ni mimi. Nairobi nilikuwa nimehama vyumba hadi majirani wakanizoea kama upepo. Nyumbani sikuwa nimechimba hata shimo la nguzo. Na mdogo wangu alikuwa amepata mchumba.

Nikampigia simu. "Wewe jenga tu, mimi nimekubali." Nikaona nimelimaliza jambo.

Haikupita wiki, akasimama mlangoni kwangu Kawangware na begi lake.

"Niaje, jirani."

"Jirani? Mimi si ndugu yako?"

"Ndugu angekuwa na nyumba karibu na pangu."

"Si nilikwambia ujenge?"

"Kwa simu! Mama anasema simu haichimbi shimo. Nguzo zangu zinaliwa na mchwa, bro. Babake msichana anauliza nitampeleka wapi bintiye. Nimwambie jikoni kwa mama?"

Nikamtengenezea chai, nikaanza kumweleza habari za ploti, ramani, njama na mfalme. Alisikiliza vizuri, akapuliza chai yake.

"Kamusi imesema ukipewa ploti unangoja nini?"

"Haijasema."

"Basi kesho tunaenda."

Tulienda. Binamu zetu walisaidia, na baada ya siku chache simba yangu ilisimama: chumba kimoja, mabati yenye matobo ya misumari ya zamani. Mama akaikagua, akasema haijawa nyumba mpaka mwenyewe alale humo hadi kuche.

Jioni hiyo miguu iliniwasha. Nilienda langoni, nikarudi, nikaenda tena. Nikamuuliza mama kama bado kuna gari la kwenda mjini.

"Hata kesho yapo," akasema, akanitandikia mkeka.

Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya rundo la nguzo zake, ananitazama. Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Nilizinduliwa na kishindo cha jembe. Nilipotoka kulikuwa kumepambazuka. Mdogo wangu alikuwa upande wa kushoto wa lango, hana shati, shimo limeshafika magotini.

"Umelala?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimelala."

"Mpaka asubuhi?"

"Si unaniona nikitoka?"

Akatemea viganja mate, akashika mpini, akaendelea kuchimba.