Kwenda na Kurudi

Wamae wa Naro Moru amebeba mizigo ya wageni mlimani tangu ujana wake, na ana tabia moja inayowaudhi. Mgeni akimuuliza kilele kiko umbali gani, hamjibu mpaka ahesabu na safari ya kushuka. Wengine humwona mkaidi. Ni mkaidi kweli, lakini hajawahi kumwacha mtu huko juu.

Mkewe Watiri alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa sebuleni kwake kila jioni, na kila jioni mazungumzo yakarudi palepale. Muriithi, kifungua mimba wao, yuko Seattle, na mama angezikwaje bila yeye? Baada ya mume, kifungua mimba ndiye hutia udongo kaburini, wadogo wake wakafuata. Ndivyo wanavyozika.

Mpwa wake Ngatia, ambaye duniani hakuna asilolijua, akatoa simu. "Ni kama kilomita elfu kumi na nne. Ndege mbili, na kungojea hapo katikati, ni kama siku moja tu. Ati anashindwa na nini?"

Watu wakaguna. Wamae aliona haya, kisha hasira, maana hata yeye alikuwa amejiuliza hivyo hivyo. Akatoka hadi kwenye zizi la ng'ombe, akampigia mwanawe.

"Baba, nakuja," Muriithi alisema kabla ya kuulizwa. "Tiketi naweza pata kesho."

"Na kurudi?"

Kijana akaanza kutaja saa za ndege.

"Nimekuuliza, na kurudi?"

Ndipo akasema. Kibali chake cha kuishi kule kilikwisha zamani. Kutoka angetoka, wala hakuna wa kumzuia, ila kuingia tena asahau. Na kule ana mke, na binti anayetambaa, ambaye kama ilivyo ada walimpa jina la nyanya yake, Watiri.

Wamae aliegemea mlango wa zizi. Alimtaka mwanawe. Alitaka amwone akishuka garini, amshike bega, wasimame pamoja kando ya lile shimo. Amewageuza watu wakiwa karibu kabisa kufika kileleni, wakamtukana, naye akalala usingizi wake vizuri. Hili alijua halitampa usingizi, akalisema hivyo hivyo.

"Kaa huko. Huyo mama yako anayetambaa, mlee. Huyu wa hapa nitamzika mimi."

Aliporudi ndani aliwaambia wanazika Ijumaa. Ngatia akamtazama mjomba wake usoni, akarudisha simu mfukoni.

Ijumaa, pasta alimwita mume, Wamae akatia udongo wake. Kisha akaita kifungua mimba, na watu wakatazamana. Tabby, mdogo wake Muriithi, akainua simu juu ili kaka yake aone vizuri. Wamae akainama tena, akachota udongo mwingine.

"Huu ni wa Muriithi," akasema, kila mtu akasikia, na ilichukua muda kabla hajaufungua mkono.